Neti ya bure itaishia kwenye miche ya sukuma?

SWALI: Mimi ni mweka hazina wa chama cha akina mama 22 hapa Ahero. Tuna akiba kidogo, na kijana wa mwenzetu aliye ng'ambo ameongezea. Tumekubaliana tununue neti za wajawazito wa kijiji, maana huku kwenye mashamba ya mpunga mbu hawatupi likizo. Ugomvi uko kwa bei. Mwenyekiti anataka kila neti iuzwe shilingi 50. Anasema cha bure hakithaminiwi, tukigawa tu tutaziona zimefunika miche ya sukuma au zimeanikiwa omena. Pia anasema atakayelipa ndiye mwenye shida ya kweli. Nusu ya chama iko upande wake. Tufanyeje?
— Mweka hazina, Ahero

JIBU: Mama, pole na vikao. Hilo neno la mwenyekiti nililiamini miaka mingi, tena nililisema kwa sauti kumshinda.

Kabla sijaanza kujibu barua nilikuwa mhoji, yule msichana wa maswali anayebisha hodi ugali ukiwa motoni. Siku moja, upande wa Busia, nilikuta neti ya buluu imetandazwa juu ya miche ya sukuma, imeshikiliwa na vijiti vinne. Nikaandika "haitumiki" kabla hata ya kusalimia. Mwenye boma, mama wa makamo aliyebeba mjukuu mgongoni, akaniuliza, "Unaandika nini na hujaingia?" Akaniongoza hadi chumbani. Juu ya kitanda palikuwa na neti nyingine, nyeupe, imening'inizwa kwa kamba ya katani kutoka kwenye boriti, na mahali ilipochanika pameshonwa kwa uzi mweusi. Ile ya bustanini ilikuwa kuukuu, tundu zake zinapitisha vidole vitatu. Nilifuta nilichoandika, naye akasimama kando yangu mpaka akaona nimefuta.

Neti ya bustanini huonwa na kila abiria wa matatu. Ya kitandani huonwa na mwenye kitanda. Mwenyekiti wako hadanganyi, ila hesabu yake imekomea nje ya nyumba.

Wapo walioingia ndani kuhesabu. Wachumi wawili, Jessica Cohen na Pascaline Dupas, walichukua kliniki 20 za wajawazito hukuhuku magharibi ya Kenya. Wakapiga kura: baadhi zitoe neti bure, nyingine ziuze kwa bei ndogo iliyofika hadi shilingi 40, na chache ziachwe zilivyo, ziwe za kulinganishia. Kura ndiyo siri yenyewe, kwa sababu mtu akichagua mwenyewe kliniki ya bure atachagua ile anayoipenda, na hapo hutajua kilicholeta tofauti ni bei au ni mahali. Kisha watu wakatumwa majumbani kuona kama neti imetundikwa. Nakwambia kuona, kwa maana ukimuuliza mtu "unalalia neti?" atakuambia ndiyo hata kama iko kwa shemeji yake Homa Bay.

Matokeo yao, yaliyochapishwa 2010, yalikuwa haya: waliopewa bure hawakuwa wavivu wa kuitumia kuliko walionunua. Kilichobadilika ni idadi ya waliotoka kliniki na neti mkononi. Pale bei ilipofika shilingi 40, kwa kila wajawazito 100, kama 60 ambao wangechukua ya bure waliondoka bila. Na mwenyekiti wako anataka 50!

Hoja ya mwenye shida ya kweli nayo ilipimwa, kwa damu. Malaria hupunguza damu mwilini, kwa hiyo kama bei huchuja wenye shida ya kweli, basi walionunua wangekuwa na upungufu mkubwa wa damu kuliko wajawazito wengine wa kliniki. Hawakuwa nao. Nadhani wewe hukuhitaji mchumi kukuambia hili, maana unashika daftari la chama na unajua ni nani hukosa hamsini ifikapo Alhamisi.

Lakini usiende kikaoni ukasema nimebariki kila cha bure. Miaka ya 1990, Michael Kremer, aliyekuja kushiriki tuzo ya Nobel ya uchumi 2019, na wenzake walifuatilia shule za Busia zilizopewa vitabu bure. Nani angedhani kitabu hakisaidii? Alama za wanafunzi kwa jumla hazikupanda. Waliofaidi ni wale waliokuwa wa mbele tangu awali. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, lugha ya tatu kwa wengi wao, na mtoto wa nyuma alifungua ukurasa akakuta ukuta. Kosa halikuwa bei hapo, na kuviuza kusingelitibu.

Kwa hiyo msiuze. Ila mnapogawa, andikeni jina na boma, na baada ya miezi miwili wawili wenu wapite bila kutangaza, waombe kuonyeshwa kitanda. Mwenyekiti awe mmoja wao. Mkikuta neti ingali kwenye pakiti, ulizeni kwa upole. Mimi niliwahi kujibiwa, "Nangoja mtoto azaliwe, isichakae." Mwingine aliniambia hana pa kuifungia, ukuta ni wa udongo na kila msumari anaougonga unatoka na bonge lake. Nilikuwa na maswali 60 kwenye karatasi yangu na hakuna hata moja lililouliza kuhusu msumari.

Hiyo pesa ambayo mngemlipa mtu wa kukusanya hamsini hamsini, nunueni kamba na misumari mirefu, na kila neti itoke na vyake.