Kukodi gari Oman: vaipa ziliniumbua

Kila nilipotaka kukata kona, vaipa zilianza kufuta kioo kikavu. Muscat, jua la saa sita, hakuna hata wingu, na mimi nafuta kioo. Magari yetu ya Kijapani hapa Dar yana usukani kulia na indiketa iko mkono wa kulia. Kule usukani uko kushoto, indiketa imehamia kushoto nayo, na kulia ndiko kwenye vaipa. Mume wangu alinicheka siku nzima. Kesho yake ilikuwa zamu yake, nikalipiza.

Wengi mnaniuliza kama kuendesha upande wa kulia kunatisha. Barabara kubwa haina neno, unafuata wenzako, na gari lenyewe linapiga kelele likizidi 120, nami nililisikiliza maana kamera za mwendo zimejaa. Shida iko pale ambapo hakuna wa kumfuata: unatoka maegesho ya hoteli alfajiri, au kituo cha mafuta, barabara tupu, na mazoea yanakurudisha kushoto. Halafu kuna kipilefti. Jina lenyewe linakudanganya, kwa sababu kule unaingia ukielekea kulia, na wa kumpisha anatokea kushoto kwako. Sisi tulikubaliana kwamba asiyeendesha aseme kwa sauti "kulia, kulia" kila tunapoingia barabarani. Utajiona mshamba, lakini fanya.

Hela zangu, hata hivyo, hazikuliwa na barabara. Zililiwa kaunta.

Nilishalipia gari mtandaoni nikadhani nimemaliza. Uwanja wa ndege, saa nane usiku, kijana wa kaunta akataka kadi ya mkopo yenye jina la dereva ili ashikilie dhamana ya riali 150. Riali moja ni kama dola 2.6, piga hesabu mwenyewe. Kadi yangu ni hii ya kawaida, inayokata kilichomo kwenye akaunti. Akaikataa. Mume wangu anayo ya mkopo, ila mkataba ulikuwa kwa jina langu. Ukaandikwa upya kwa jina lake, mimi nikawa dereva wa pili, wa kulipiwa zaidi kwa kila siku. Dhamana haikatwi, inashikiliwa tu, lakini huwezi kuigusa. Yetu iliachiwa wiki mbili baada ya kurudi nyumbani. Kwa hiyo kabla hujakodi, uliza aina ya kadi na jina la nani. Leseni ya kimataifa chukua huku huku kabla ya safari, na ubebe na ile yako ya kawaida, maana moja haikai badala ya nyingine.

Bima nayo isome. Yetu iliitwa "kamili", kumbe haikugusa matairi, vioo wala chini ya gari.

Kosa la pili ni langu kabisa. Nilichagua gari dogo la saluni kwa sababu ni la bei rahisi, na huku nimepanga kupanda mlima wa Jebel Akhdar. Muscat hadi Nizwa, mji ulio karibu na mlima huo, ni kama kilomita 160 za lami safi, raha tupu. Ila pale Birkat al Mouz, mlima unapoanza, kuna kizuizi cha polisi, na gari ambalo injini yake haisukumi magurudumu yote manne halipiti. Askari alitugeuza kwa upole. Tukarudi sokoni Nizwa tumenuna, tunalaumiana kwa Kiswahili mbele ya duka la halua, mara mwenye duka akainua kichwa.

"Mumetokea wapi, wanangu?"

Shikamoo ilinitoka yenyewe. Alizaliwa Unguja, akahamia kule akiwa kijana. "Mlimani hakupandwi kwa gari ndogo," akasema. "Iacheni pale chini, mutafute dereva mwenye gari ya mlima akupandisheni." Tukafanya hivyo. Ilitugharimu, lakini kusema kweli ile miteremko ya kurudi nilifurahi kuitazama nikiwa kiti cha nyuma.

Sasa siku ya kurudisha gari. Tangi tulijaza, risiti tunayo (mafuta kule yalikuwa chini ya robo riali kwa lita, usibane hapo). Kijana akachuchumaa na tochi kwenye rimu ya nyuma kushoto, akapitisha kidole. Mchubuko, urefu wa kijiti cha kiberiti. Mimi nikatoa simu kwa kujiamini, kwani nilirekodi video siku tulipolichukua. Tukaiangalia pamoja: mbele, kulia, nyuma. Kushoto gari lilikuwa limebana nguzo ya maegesho, na mimi nilikuwa na usingizi. Riali 40.

Safari iliyofuata, nchi nyingine, nilimwambia kijana alitoe gari ukutani kwanza, tulizunguke wote wawili. Alikunja uso akatazama saa. Nikarekodi dakika nne, mpaka tairi la spea.