Unaanza kufundisha watoto wadogo tuisheni? Punguza huo mpango wako

Mwanzoni nilikuwa natokea na mpango wa kurasa mbili, mada nne, maswali 20, saa nzima, na mtoto mwenyewe ana miaka 7. Ikifika dakika ya 15 yuko chini ya meza anatafuta kifutio ambacho hata hakijadondoka. Nikawa nasema huyu mtoto hana umakini, kumbe mimi ndo sina akili.

Kipindi kimoja kitu kimoja, basi. Na hicho kitu usikitoe kwenye kitabu, kitoe kwa mtoto mwenyewe. Kuna mmoja nilimpa 42 - 17 akaandika 35, nikaona hajui kutoa, nikamwongezea maswali 10 ya hivyo hivyo na yote akachemsha. Kesho yake ndo nikamwambia hebu nielekeze umefanyaje, akanijibu bila wasiwasi: "2 kutoa 7 haiwezekani, kwa hiyo 7 kutoa 2 ni 5, 4 kutoa 1 ni 3." Yaani kutoa anajua vizuri tu, asichojua ni kukopa, na mimi nimempotezea siku nzima kwa kutomuuliza swali moja!

Nikachukua vijiti, nikafunga mafungu manne ya kumi kumi, viwili nikaviacha pembeni, nikamwambia nipe 17. Akanipa fungu moja, afu akaangalia vile viwili, akaniangalia mimi, akauliza "nifungue fungu hili?" Nikanyamaza. Akafungua, akahesabu 7, vikabaki 25, na neno kukopa nilikuwa hata sijalitaja. Kuandika kwenye daftari kulikuja baadaye, na hapo ndo kulikuwa na maana kwake.

Kwa watoto wa miaka 6 mpaka 8 mimi siku hizi napanga dakika 30, zikizidi sana 40. Dakika 5 za kwanza ni kitu cha kipindi kilichopita na daftari limefungwa, akumbuke kwa kichwa chake, hata akikosea poa, ule msuli wa kukumbuka ndo tunaoutaka. Halafu kitu kipya kwa vitu vya kushika, afu anafanya mwenyewe maswali matatu manne, na mwisho namuachia anachokiweza ili atoke anacheka. Usimalizie na swali gumu, atakuja kesho amenuna.

Kwenye kusoma ndo uvumilivu unahitajika haswa. Akikwama kwenye silabi usimrukie na jibu, hesabu moyoni mpaka 5, mara nyingi anaipata mwenyewe. Akichanganya b na d usipanike, kwa umri huo ni kawaida kabisa.

Wazazi wengi watataka kuona daftari limejaa, na siku ya vijiti daftari litakuwa jeupe, kwa hiyo waambie mapema kabla hawajaanza kuhisi unakula hela ya bure.

Na mkimaliza, kabla hujasahau, andika mstari mmoja tu amekwama wapi maana huo ndo mpango wako wa kesho. Wangu wa siku ile ulisema: anakopa vizuri, kesho jaribu 302 - 7, hiyo sifuri ya katikati itamsumbua. Na kweli ilimsumbua, siku mbili nzima.