Uliza Daktari: Kawasaki ni ugonjwa wa kurithi?

Shikamoo daktari. Mwanangu wa miaka mitatu aliugua Kawasaki mwaka huu, akatibiwa Dar es Salaam, sasa anaendelea vizuri. Ana mdogo wake wa miezi saba. Mama mkwe anauliza ugonjwa wa Wajapani tumeutoa wapi, na ndugu wananishauri niwapime wote wawili DNA. Je, ni wa kurithi?
*Mama wa wawili, Tanga*

Marahaba mama. Kawasaki ni ugonjwa wa watoto ambapo kinga ya mwili huvimbisha mishipa ya damu, hasa ateri zinazolisha moyo. Hela ya DNA iweke kwanza. Kwa Kawasaki hakuna kipimo cha jeni kinachoweza kukuambia kama mdogo ataugua. Kinachorithiwa ni wepesi wa kinga kuwaka na ugumu wake wa kutulia. Ugonjwa wenyewe haurithiwi.

Japani inatajwa kwa sababu Dk. Tomisaku Kawasaki aliona mgonjwa wake wa kwanza Tokyo mwaka 1961, akachapisha taarifa za watoto 50 mwaka 1967. Na ni kweli Wajapani huugua zaidi. Kabla ya 2020 walipata wagonjwa zaidi ya 300 kwa mwaka katika kila watoto 100,000 walio chini ya miaka mitano, wakati Marekani ni kama 20 tu. Watoto wa asili ya Kijapani waliozaliwa Hawaii nao huugua mara nyingi kuliko wenzao wa huko, na hilo ndilo lililowasukuma watafiti kwenye jeni. Hata hivyo ugonjwa uko kila bara, kwetu pia, kwa hiyo mama mkwe asikulaumu.

Jeni iliyoeleweka vizuri zaidi inaitwa ITPKC, iko kwenye kromosomu ya 19, na uhusiano wake na Kawasaki ulitangazwa mwaka 2008. Seli T, moja ya chembe nyeupe za kinga, ikiamshwa, kalsiamu huingia ndani yake, kimeng'enya kiitwacho kalsinurini kinaanza kazi, na seli inatoa kemikali za kuita wenzake. ITPKC ndiyo breki ya mlolongo huo. Mwenye aina dhaifu ya jeni hii hutengeneza breki kidogo, seli T zikapitiliza. Jeni nyingine, CASP3, husaidia seli hizo kufa zikishamaliza kazi. Ikizembea, zinaendelea kuwepo. Ya tatu, FCGR2A, inahusu mahali kingamwili (protini za kinga) zinaponasa kwenye chembe nyeupe za damu. Lakini aina hizi za jeni wanazo mamilioni ya watu wasiowahi kuugua. Kila moja inaongeza hatari kidogo, na lazima kwanza kitu kiwashe moto. Wengi wetu tunaamini ni kijidudu fulani, ingawa hakijatambuliwa, na mtoto hamwambukizi mwenzake Kawasaki.

Sasa huyo wa miezi saba. Utafiti wa Japani uliofuatilia familia ulikuta ndugu 2 kati ya 100 waliugua ndani ya mwaka mmoja baada ya mgonjwa wa kwanza. Hiyo ni mara kumi ya watoto wengine, lakini 98 hawakuugua. Zaidi ya nusu ya waliougua walianza ndani ya siku kumi tu.

Kwa hiyo ukiona homa, usingoje dalili zote zitimie. Kwa kawaida tunahesabu homa ya siku tano pamoja na dalili nne kati ya tano: macho mekundu yasiyo na tongotongo, midomo iliyokauka na kupasuka na ulimi mwekundu wenye vijipele, upele wa mwili, viganja na nyayo kuvimba, na tezi ya shingo ya sentimeta 1.5 au zaidi. Watoto wa chini ya mwaka mmoja mara nyingi huonyesha mbili au tatu tu, nao ndio ambao mishipa yao huharibika zaidi. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, basi tazama viganja, nyayo na mapaja karibu na nepi, ambako ngozi huanza kuambuka mapema. Angalia pia kovu la BCG (chanjo ya kifua kikuu): likivimba, likawa gumu na jekundu wakati wa homa, mwonyeshe daktari, maana ni dalili ambayo magonjwa mengine machache sana huleta. Kipimo cha malaria kikiwa hasi na homa haishuki kwa antibayotiki, sema wazi: "Kaka yake aliugua Kawasaki." Sentensi hiyo itakusaidia kuliko majibu ya DNA.

Daktari, mimi ni muuguzi wodi ya watoto. Kama kwenye Kawasaki kinga ndiyo inayoshambulia ateri, kwa nini tunamwongezea mtoto kingamwili kwa dripu?
*Muuguzi, Kisumu*

Kwa sababu wingi wake unageuza kazi yake. Imunoglobulini ya dripu, yaani kingamwili hizo, imekusanywa kutoka kwa maelfu ya wachangiaji damu. Ikiingia kwa wingi hujaza vile vinasio vya kingamwili kwenye chembe nyeupe, ikapunguza kemikali za uvimbe na kuongeza seli T za kutuliza. Dozi ndogo haitoshi.

Ni gramu 2 kwa kilo, mara moja, ndani ya siku kumi za mwanzo wa homa. Mtoto wa kilo 14 anahitaji gramu 28, yaani mililita 280 za dawa ya asilimia 10, kwa saa 10 hadi 12. Anza polepole na upime shinikizo la damu kila unapoongeza kasi. Ukikimbiza dripu utapata baridi kali, kichwa kuuma na shinikizo kushuka. Bila matibabu, karibu robo ya watoto hupata aneurizimu (ateri kutanuka kama puto) kwenye ateri za moyo. Wakitibiwa kwa wakati ni kama 4 kati ya 100.

Makosa ninayoyaona sana ni haya. ESR, kipimo cha damu cha uvimbe, hupanda kwa sababu ya dripu yenyewe, basi usiitumie kupima maendeleo, fuata CRP, kipimo kingine cha uvimbe. Mtoto wa kundi la damu A, B au AB anaweza kuvunja chembe nyekundu siku chache baadaye, kwa hiyo mkojo ukiwa mweusi au akipauka, pima damu. Na ibuprofeni ikae mbali, kwa sababu inazuia aspirini isifanye kazi kwenye chembe sahani (chembe zinazogandisha damu). Aspirini baada ya homa kuisha ni miligramu 3 hadi 5 kwa kilo kwa siku, kwa wiki 6 hadi 8.

Homa ikibaki au kurudi saa 36 baada ya dripu kuisha, huyo ni kati ya 10 hadi 20 katika kila 100 wasioitikia, na anahitaji dawa ya pili. Hapa ndipo jeni imelipa. Kwa kuwa ITPKC ilionyesha njia ya kalsinurini, Wajapani waliwapa siklosporini, dawa inayofunga njia hiyohiyo, watoto waliotabiriwa kutoitikia. Matokeo yalichapishwa 2019: matatizo ya ateri za moyo yalikuwa asilimia 14, dhidi ya 31 kwa waliopewa dripu peke yake.

Salaam. Sisi ni Waswahili wa Muscat, mke wangu ni binamu yangu. Binti yetu wa miaka minne alipata kiharusi baada ya homa za mara kwa mara na ngozi yenye michoro kama wavu. Wamesema ni DADA2, na wamekataza aspirini. Mbona wenye Kawasaki wanapewa?
*Baba, Muscat*

Pole sana. Huu ni ugonjwa mwingine kabisa, na hapa kipimo cha jeni ni cha lazima. Ulitambuliwa mwaka 2014. Jeni moja, ADA2 kwenye kromosomu ya 22, ikiharibika kwa baba na kwa mama, mtoto hukosa kimeng'enya kinachotuliza chembe nyeupe na kulinda kuta za mishipa midogo. Kila mmoja wenu amebeba nakala moja mbovu bila kuumwa, jambo linalotokea zaidi kwa watu wa ukoo mmoja. Kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto kuugua.

Aspirini inakatazwa kwa sababu mishipa hii huvuja pia, na kiharusi cha pili kinaweza kuwa cha kutoka damu kwenye ubongo. Kinachozuia viharusi ni sindano za kupinga TNF (kemikali ya uvimbe), kama etanaseputi au adalimumabu, na hazikatizwi kwa sababu mtoto anaonekana mzima. Pimeni ndugu zake wote, hata wasioumwa: wengine huanza kwa upungufu wa damu au wa kingamwili bila kiharusi. Na siku akihitaji kupandikizwa uboho (sehemu ya ndani ya mifupa inayotengeneza damu), wa ndugu asiyepimwa usitumike.

Homa imeisha, mtoto anacheza. Eko ya moyo na chanjo ya surua bado ni lazima?
*Mama Aisha, Mombasa*

Eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, ni lazima. Homa ya Kawasaki huisha yenyewe baada ya wiki mbili hivi hata asipotibiwa, lakini ateri zinaendelea kutanuka, na chembe sahani hupanda sana wiki ya pili na ya tatu. Eko hufanywa siku ya utambuzi, baada ya wiki 1 hadi 2, kisha wiki 4 hadi 6. Omba namba iitwayo alama Z, inayolinganisha upana wa ateri na ukubwa wa mwili wa mtoto. Chini ya 2 ni sawa, kuanzia 2.5 ni aneurizimu, na 10 au zaidi ni kubwa kabisa, inayohitaji dawa nzito za kuzuia damu kuganda.

Surua isubiri miezi 11 baada ya dripu, la sivyo kingamwili za wachangiaji zitaiua chanjo kabla haijafanya kazi. Mtaani kukiwa na mlipuko, achanjwe sasa na arudiwe miezi 11 ikitimia. Polio na pentavalenti ziendelee kwa tarehe zake.