Uliza Nahodha: nyangumi wa Watamu, pomboo wa Kizimkazi na yule samaki wa Mafia

Anko Nahodha shikamoo. Mi na mume wangu tuko Rongai, tumeona video za nyangumi wakiruka tukajua ni South Africa kumbe ni Watamu hapa hapa. Tunataka kwenda Desemba watoto wakifunga shule, tutawaona? Na boti si wataipindua jamani?
*Mama Watatu, Rongai*

Marahaba mama. Desemba Watamu utaona kila kitu isipokuwa nyangumi. Hao huja na kusi, ule upepo wa kusini wa katikati ya mwaka, Julai wanaanza kupita, Agosti na Septemba ndio wamejaa, Oktoba wengi wanageuza kurudi. Kwahiyo tumieni likizo ya Agosti, Desemba nendeni mkaogelee tu.

Hawa ni nyangumi wa nundu, wanatoka Antaktika, zaidi ya kilomita 6,000, kule wanakula vijikamba mpaka wananenepa halafu wanakuja huku kwenye maji ya uvuguvugu kuzaa na kutafuta wachumba, na huku kula ni kama hakuna, mama ananyonyesha mtoto ambaye akizaliwa tu ana kama tani moja, kwa mafuta yaleyale aliyokuja nayo mwilini. Meli za kuwinda ziliwamaliza kweli karne iliyopita. Wa upande huu wa kusini wa dunia walipigiwa marufuku kuwindwa 1963, na uwindaji wa biashara wa nyangumi wote ukasimamishwa 1986, ndio maana sasa wanaongezeka.

Sasa ubaya wa kusi mnaujua, bahari inachafuka mawimbi. Ndani ya mwamba wa matumbawe mtacheka na kupiga selfi, mkitoka kwenye mlango wake kuingia bahari kuu tu wimbi la kwanza linawanyamazisha wote 😂. Dawa ya kichefuchefu mnameza kabla ya kupanda boti sio mkishaanza kutapika, na mtoke alfajiri kabla upepo haujapanda. Mtoto mdogo sana mwacheni hotelini na mmoja wenu, msinikasirikie.

Kupinduliwa: nyangumi mzima ana mita 12 mpaka 15 na tani zake 30 hivi, akiruka karibu nawe ni balaa, lakini hana shida na wewe, shida ni nahodha anayemfuata mgongoni au anayeingia katikati ya mama na mtoto. Kabla hujatoa hela muulize atasimama wapi akimwona. Anayejua kazi atakwambia anaenda taratibu kwa ubavuni, akifika kama mita 100 anaweka gia huru, basi, mnangoja. Akikwambia "nitakupeleka mpaka umguse" tafuta mwingine.

Na kungoja kwenyewe ni raha. Kwanza mnaona mvuke unaruka juu ya maji, phuuu, upepo ukiwa kwenu mnasikia na harufu, mbaya kweli. Mgongo unakunjika, mkia unapanda, anazama, pale alipozamia panabaki duara la maji laini kama mtu kamwaga mafuta ya kupikia. Mkia ukipanda piga picha ya upande wa chini, ule weusi na weupe haufanani kwa nyangumi wawili, na Kenya Marine Mammal Network, mtandao wa wanaofuatilia nyangumi na pomboo Kenya, wanakusanya picha kama hizo kujua nani karudi.

Kaka Nahodha, nilienda Kizimkazi kule Zanzibar kuogelea na pomboo, boti kibao zikawazunguka, kila wakiibuka watu wanarushwa majini kama mizigo, wale wanyama wakatokomea. Ni halali hii?
*Kijana wa Temeke*

Ulivyoona ndivyo ilivyo siku nyingi, mdogo wangu. Zamani pale pomboo walivuliwa wakafanywa chambo cha papa, miaka ya 1990 watu wakagundua pomboo hai analipa zaidi, wakaacha. Utalii uliwaokoa na uvuvi ule, hilo tusilisahau, ila sasa boti ndizo zinawanyima kupumzika na kunyonyesha. Na mgeni naye ana lawama, maana nahodha anajua ukirudi hujagusa maji na pomboo hakuna tip. Mwambie mapema kabisa "mi nataka kuangalia tu, sishuki", uone anavyopunguza mwendo mwenyewe.

Nahodha, yule papa potwe wa Mafia ni nyangumi au sio nyangumi? Tumebishana ofisini mpaka tumewekeana soda.
*Ofisi nzima, Morogoro*

Samaki. Anapumua kwa mashavu hapandi juu kuvuta hewa, na mkia wake umesimama wima, wa nyangumi umelala. Mkubwa kweli, anaweza kupita mita 12, lakini anakula vidudu vidogo vya majini na samaki wadogo, watu hali. Anaonekana zaidi Oktoba mpaka Februari nje ya Kilindoni, mji wa kisiwa cha Mafia, kuogelea naye ruksa ila kumshika hapana, na usikae mbele ya mdomo wake wala nyuma ya mkia. Aliyesema nyangumi anunue soda.