Mtunzi wa Muziki wa Jukwaani Ajifunze Nini kwa Jerome Kern

Mtunzi aliyezoea kwaya au bendi akipewa igizo la muziki kwa mara ya kwanza, kosa lake huwa karibu lilelile. Analeta nyimbo kumi nzuri, kila mmoja umekamilika, na mchezo unasimama kila wimbo unapoanza. Msichana alikuwa anagombana na mchumba wake. Muziki ukaingia, ugomvi ukasahaulika kwa dakika nne. Wimbo ukaisha, wakaanza kugombana upya palepale walipoachia. Dawa ya kosa hili haimo kwenye kanuni za mapatano ya sauti. Imo katika kufuatilia jinsi watunzi wa zamani walivyolitatua, na hakuna anayefuatika kwa urahisi kama Jerome Kern wa New York, kwa sababu alianzia chini kabisa na kila ngazi aliyopanda imeacha nota ambazo leo unaweza kuzifungua na kuzisoma.

Kern alizaliwa tarehe 27 Januari 1885. Mama yake alimfundisha piano, akasoma katika chuo cha muziki cha New York, kisha kwa muda mfupi Heidelberg, Ujerumani. Lakini kilichomtengeneza kuwa mtu wa jukwaa ni kazi mbili zisizo na sifa: kuwapigia wateja nyimbo mpya za kampuni ya uchapishaji ya T. B. Harms ili wazinunue, na kuwa mpigakinanda wa mazoezi kwenye kumbi za maigizo.

Hiyo ya pili ifanye kabla hujatunga chochote. Omba kikundi chochote cha maigizo ukae kwenye kinanda mazoezi yote, hata bila malipo, kwa mchezo mmoja mzima. Utaona pale mwimbaji anapokosa pumzi, na kwamba si pale ulipoweka alama ya kupumua. Utajifunza kushusha wimbo sauti moja au mbili papo hapo, kwa kuwa mwigizaji mkuu ameugua na mbadala wake hafiki juu. Utajifunza pia kupima mwendo. Hatua nane za kutembea kawaida, hatua moja kwa kila pigo, ni vipimo viwili vya mapigo manne (vipimo ni vile vyumba vinavyotengwa na mistari ya wima kwenye nota). Ukiandika utangulizi wa kipimo kimoja, mwimbaji atakuwa bado yuko pembeni wakati sauti yake inatakiwa katikati ya jukwaa. Kwaya haikufundishi hilo, maana kwaya imeshasimama mahali pake.

Baada ya hapo zikaja nyimbo za kupachika. Mwanzoni mwa karne ya 20 kumbi za Broadway, eneo la maigizo la New York, zilileta michezo mingi ya muziki kutoka London. Mtayarishaji akiona mahali panapolegea, alimwita mtunzi kijana amwandikie wimbo mmoja wa kuziba pengo, hata kama muziki wote uliobaki ni wa mtu mwingine. Kern alipachika nyimbo kwenye "Mr. Wix of Wickham" mwaka 1904. Mwaka 1905 wimbo wake "How'd You Like to Spoon with Me?" ulisikika sana kupitia "The Earl and the Girl". Mwaka 1906 alikuwa London akiandika kwa ajili ya "The Beauty of Bath", ambako ndiko alikoanza kushirikiana na P. G. Wodehouse, mwandishi wa maneno ya nyimbo. Mchezo wa kwanza ambao muziki wake wote ulitoka kwake, "The Red Petticoat", ni wa 1912. Hiyo ni miaka minane ya kuziba mapengo ya wenzake.

Wako wanaoiona miaka hiyo kuwa ya kupoteza. Sisi tunaiona kuwa shule bora kuliko chuo chochote, na unaweza kuiiga nyumbani. Chukua igizo la maneno matupu ambalo tayari limeandikwa, la kurasa 20 hivi. Lisome mara mbili, kisha weka alama mahali pamoja tu ambapo mhusika amefika mwisho wa maneno, ana jambo zito mno au la furaha mno kulisema kwa kawaida. Andika sentensi moja inayoeleza hali yake kabla ya wimbo, na nyingine inayoeleza hali yake baada yake. Sentensi hizo mbili zikifanana, hapo si mahali pa wimbo, tafuta pengine. Zikitofautiana, tunga wimbo wa dakika mbili na nusu, usizidi, ambao unamtoa kwenye sentensi ya kwanza na kumfikisha kwenye ya pili. Rudia zoezi kwa igizo lingine. Ukifika igizo la sita, mkono wako utakuwa umebadilika.

Mfano wa kuchambua ni "They Didn't Believe Me", ambao Kern aliupachika mwaka 1914 katika "The Girl from Utah", mchezo wa Kiingereza ulioletwa na mtayarishaji Charles Frohman kwenye ukumbi wa Knickerbocker. Wakati ule wimbo wa mapenzi jukwaani kwa kawaida ulikuwa walzi, mapigo matatu ya kuzunguka. Huu unakwenda kwa mapigo manne, na tuni yake inafuata mwendo wa mtu anayezungumza. Uimbe polepole bila kinanda, halafu yatamke maneno yake kama unazungumza na rafiki. Njia ya sauti inabaki karibu ileile, na ndiyo maana mwigizaji anaweza kuuingia kutoka kwenye mazungumzo bila hadhira kushtuka.

Ukumbi uliomfanya Kern kuwa Kern ulikuwa mdogo: Princess Theatre, mtaa wa 39, viti 299. Kwa maonyesho nane kwa wiki, hata kila kiti kikijaa, ni watu 2,392 tu. Kwa mapato ya namna hiyo huwezi kulipa wacheza ngoma mia, wala kubadilisha mandhari mara nane. Kwa hiyo Kern, mwandishi Guy Bolton na baadaye Wodehouse walibana kila kitu: mandhari mbili, moja kwa kila sehemu ya mchezo, okestra ya watu 11, na visa vya watu wa kawaida wa wakati wao badala ya wana wa wafalme. "Very Good Eddie" ya Desemba 1915 ilifika maonyesho 341. "Oh, Boy!" ya Februari 1917 ilifika 463, na ilibidi ihamie ukumbi mkubwa zaidi. "Oh, Lady! Lady!!" ikafuata mwaka 1918.

Kaa hapa muda mrefu kuliko mahali pengine popote, kwa sababu hali ya Princess ndiyo hali ya vikundi vingi vyetu: ukumbi mdogo, wapigaji wachache, fedha kidogo. Ukosefu wa wacheza ngoma ulimnyima mtunzi mahali pa kujificha. Wimbo usiosogeza kisa ulionekana mara moja kuwa hauna kazi. Zaidi ya hayo hakukuwa na maikrofoni, na neno lisiposikika utani umekufa. Yafuatayo yanafaa hata ukiwa na spika leo. Tuni ya maneno ya kuchekesha iweke katikati ya sauti ya mwimbaji, si juu, kwa maana huko juu herufi zinapotea. Neno linalobeba utani liwe la mwisho kwenye mstari, na baada yake acha pigo moja au mawili matupu ili watu wacheke. Usipoacha, watacheka juu ya mstari unaofuata nao hautasikika. Chombo chenye kimo kimoja na sauti ya mwimbaji kinyamaze anapotamka, kijibu anapopumua. Kern mwenyewe aliandika kwa piano, na upangaji wa vyombo ukafanywa na Frank Saddler, fundi wa kuifanya okestra ndogo isikike imejaa bila kumfunika mtu. Usione aibu kumwachia mwingine kazi hiyo. Mwachie tu mapema, si siku mbili kabla ya onyesho.

Kern na Wodehouse kwa kawaida walianza na tuni, maneno yakafuata. Utaratibu huo unampa mtunzi uhuru, ila una mtego, na mtego wenyewe kwa Kiswahili ni mkali zaidi. Tazama "Who?" ya mwaka 1925, kutoka mchezo wa "Sunny". Kiitikio chake kinaanza na noti moja inayoshikiliwa mapigo tisa, na noti hiyo ndefu inarudi tena na tena. Oscar Hammerstein II, mwandishi wa maneno, alihitaji neno la silabi moja lenye irabu wazi, linaloweza kurudiwa bila kuchosha, akapata "who", yaani "nani". Kwa Kiswahili neno hilo lina silabi mbili, na mkazo uko kwenye ya kwanza. Ukilazimisha "nani" kwenye noti ile, gawa mapigo: manane kwa "na", moja la mwisho kwa "ni", sauti ikiwa ileile. Ukifanya kinyume, ukarefusha "ni", msikilizaji atasikia neno lisilokuwepo. Sheria ya jumla ni kwamba noti ndefu au ya juu iangukie silabi ya pili kutoka mwisho. Na jihadhari na maneno kama "mtu", "nchi" na "mbwa": mkazo wake uko kwenye "m" au "n" ya mwanzo, sauti ambayo huwezi kuishikilia ukiwa umefungua kinywa. Nyimbo nyingi za maadhimisho zinakwama kwenye "nchi" kwa sababu hiyo. Tumia "taifa", au ubadilishe tuni.

Wimbo uliokatwa usiutupe. "Bill" uliandikwa kwa ajili ya "Oh, Lady! Lady!!" ukaondolewa kwa kuwa haukumfaa mhusika. Ulikaa hadi 1927, Hammerstein akagusa maneno ya Wodehouse, ukaingia "Show Boat", mchezo wa Kern kuhusu mashua ya maonyesho mtoni Mississippi, na kuwa miongoni mwa nyimbo zinazokumbukwa zaidi za mchezo huo. "Look for the Silver Lining" ulitungwa kwa mchezo uliokufa kwenye majaribio kabla ya kufika New York. Mwaka 1920 ukaubeba mchezo wa "Sally", uliofikisha maonyesho 570. Weka faili moja ya nyimbo zilizokatwa, na juu ya kila karatasi andika sababu ya kukatwa: tuni mbaya, mahali pabaya, au mwimbaji asiyefaa. Ni aina ya kwanza tu isiyofufuka.

"Show Boat" yenyewe, iliyofunguliwa tarehe 27 Desemba 1927, isome baada ya Princess, si kabla. Ilipojaribiwa Washington mwezi Novemba ilizidi saa nne, ikabidi ikatwe usiku na mchana. Cha kujifunza humo ni mbegu ya tuni. Noti nne za jina la mashua, "Cotton Blossom", zinashuka zikiwa za haraka na za furaha. Umbo hilo likigeuzwa na kupunguzwa mwendo, linakuwa mwanzo wa "Ol' Man River", wimbo wa mpakia mizigo wa bandarini. Msikilizaji hatambui, lakini masikio yake yanaunganisha furaha ya mashua na uchovu wa wapakia mizigo. Angalia pia hatari yake: wimbo huo una upana wa oktavu moja na sauti sita. Uliandikwa kwa sauti nzito iliyofunzwa. Mwigizaji wa kawaida mpe oktavu moja na sauti mbili au tatu, basi.

Jambo moja lisifichwe. Nota za miaka ile zina maneno ya kuwatusi watu weusi, hata katika "Ol' Man River" ya asili, na baadaye yalibadilishwa. Usiyaimbe. Na ukitaka kuona watu weusi wenyewe walivyolishika jukwaa hilohilo, tafuta "In Dahomey" ya mwaka 1903, muziki wa Will Marion Cook, iliyotoka New York hadi London.

Kwa upande wa haki, kosa la Kern linafundisha kuliko mafanikio yake. Mwaka 1924, kwa kuchukizwa na jinsi bendi za dansi zilivyoharibu tuni zake, alizuia nyimbo za "Sitting Pretty" zisirekodiwe wala kupigwa redioni na kwenye kumbi za starehe. Muziki ni mzuri sana, lakini watu hawakuujua, na mchezo ukaisha baada ya maonyesho 95. Linda kazi yako kwa mkataba, usiilinde kwa kuificha. Katika mkataba tenganisha haki ya wimbo mmoja mmoja na haki ya mchezo mzima, na andika wazi kwamba wimbo ukikatwa kwenye mchezo unarudi kwako.

Nota za Kern zilizochapishwa Marekani kabla ya 1930 ziko huru nchini humo, na maktaba za mtandaoni zinazo nyingi. Kwingineko angalia pia mwaka aliofariki mwandishi wa maneno: Kern alifariki 1945, Wodehouse 1975, kwa hiyo tuni inaweza kuwa huru huku maneno bado yana mwenyewe. Mpangilio mpya wa okestra una haki zake pia, hata tuni ikiwa ya zamani, kwa hiyo pakua nota ya piano na sauti ya wakati ule, si toleo lililofanyiwa ukarabati juzi. Anza na "Very Good Eddie", kisha "Oh, Boy!", kisha "Leave It to Jane", na kwa kila wimbo andika pembeni zile sentensi mbili, ya kabla na ya baada.