Unaposhauri shirika la mikopo midogo, anza na daftari la marejesho

Ukiwa mhasibu, ofisa wa benki au mtu wa masoko, na umekubali kujitolea kulishauri shirika linalokopesha mama lishe, wauza mitumba na wafugaji wa kuku, huenda jambo la kwanza utakaloombwa ni mpango mkakati wa miaka mitano. Usianze nao. Omba kwanza orodha ya mikopo yote iliyo nje, mteja mmoja mmoja, ikionyesha tarehe ya kutolewa, kiasi na deni lililobaki. Omba pia mchanganuo wa waliochelewa (siku 1 hadi 30, 31 hadi 60, 61 hadi 90, na zaidi ya 90), pamoja na taarifa za miezi 6 za benki na za laini ya simu inayopokelea marejesho. Shirika lisiloweza kutoa orodha ya kwanza ndani ya siku mbili tatu lina tatizo ambalo mpango mkakati hautaligusa.

Ukishapata karatasi hizo, chagua wateja 30 bila kufuata mpangilio wowote, kisha ufuatilie rejesho moja la kila mmoja: kutoka kitabu chake, kwenda stakabadhi, kwenda daftari la ofisi, hadi benki. Angalia tarehe kuliko kiasi. Fedha iliyolipwa Jumatatu ikaonekana benki Ijumaa ililala mfukoni mwa mtu siku nne, hata kama haikupungua shilingi. Wizi mwingi wa maofisa mikopo huanzia hapo: anaazima ya leo, anaifidia kwa marejesho ya kundi la kesho, hadi siku anapougua na mwenzake anakwenda kukusanya badala yake. Ukikuta marejesho yanatumwa kwenye namba binafsi ya ofisa, usisubiri ripoti ya mwisho. Mwambie meneja siku hiyo hiyo.

Sasa njoo kwenye kipimo kinachopotosha wageni wengi. Shirika litakwambia kwa fahari kwamba marejesho ni 98%. Hiyo mara nyingi ni fedha iliyokusanywa mwezi huu, pamoja na ya waliolipa madeni ya zamani na ya waliolipa kabla ya wakati. Kipimo cha kuaminika ni mikopo iliyo hatarini: chukua deni lote lililobaki la kila mteja aliyechelewa zaidi ya siku 30, jumlisha, gawanya kwa deni lote lililo nje. Zingatia neno “lote”. Mteja mwenye deni la msingi la 500,000 aliyekosa rejesho moja la 118,000 anahesabiwa kwa 500,000, kwa sababu aliyeshindwa moja yuko karibu kushindwa yanayofuata. Wengi huweka 5% kama mstari wa tahadhari, na 10% kama mahali pa kusimamisha upanuzi.

Hata kipimo hiki hufichwa. Njia ya kwanza ni kukua haraka: mikopo iliyochelewa ikiwa milioni 6 kati ya milioni 100, ni 6%. Shirika likipanuka hadi milioni 200, milioni 6 zile zile zinakuwa 3%, na hakuna kilichopona, maana mkopo uliotolewa wiki mbili zilizopita hauwezi kuwa umechelewa siku 30. Njia ya pili ni kumpa aliyekwama mkopo mpya wa kulipia ule wa zamani. Dawa ya yote mawili ni kufuata mikopo kwa mwezi iliotolewa: ya Januari yote, ilikuwaje ilipofika Juni? Ya Februari, ilipofika Julai? Jedwali hilo moja katika Excel lina faida kwa shirika kuliko slaidi 40 za mkakati.

Nenda kwenye mkutano wa kikundi siku ya marejesho, angalau vikundi vitatu, na ukae nyuma bila kuhutubia. Tazama nani anahesabu fedha, kitabu cha mteja kinajazwa pale pale au kinakusanywa “kikajazwe ofisini”, na kinachotokea mmoja asipofika. Kudhaminiana kunafaa pale wanakikundi walipochaguana wenyewe. Ofisa akiwaunganisha watu wasiofahamiana ili kufikisha idadi, dhamana hiyo inageuka mateso: wanazuiwa kuondoka hadi fedha ya asiyekuwepo ipatikane, kisha jioni wanakwenda kumchukulia vyombo. Ukiliona hilo, liandike kama hatari ya kwanza katika ripoti yako. Shirika lililoanzishwa kupunguza umaskini haliwezi kukusanya kwa namna ya wakopeshaji wa “kausha damu”.

Kuhusu bei, fanya hesabu hii pamoja na wafanyakazi, kwenye ubao. Mkopo wa 600,000, miezi 6, riba 3% kwa mwezi inayopigwa kwenye mkopo wote hadi mwisho: riba ni 108,000, rejesho ni 118,000 kwa mwezi. Riba hiyo hiyo ikipigwa kwenye deni lililobaki, jumla ni 63,000. Kwa maneno mengine, 3% ile ya kwanza ni sawa na kama 5.1% ya deni lililobaki. Ongeza akiba ya lazima ya 20%, yaani 120,000 inayokatwa siku ya kutoa mkopo na kurudishwa mwisho, na mteja ametumia 480,000 tu huku akilipia 600,000. Hapo bei halisi inakaribia 7.8% kwa mwezi. Maofisa wengi hawajawahi kuiona hesabu hii, na wateja hata zaidi.

Tanzania ina Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, yenye madaraja manne: taasisi zinazopokea amana, wakopeshaji wasiopokea amana, SACCOS (vyama vya ushirika wa akiba na mikopo), na vikundi vya kijamii kama VICOBA. Shirika lako likiwa daraja la pili, linasimamiwa na Benki Kuu, haliruhusiwi kupokea amana, na ukomo wa riba ni 3.5% kwa mwezi. Usiishie kulinganisha 3 na 3.5 ukaridhika, peleka hesabu ya ubaoni, pamoja na ile akiba ya lazima, kwa mwanasheria.

Watu wa benki huja na mazoea ya dhamana na hesabu zilizokaguliwa. Mama lishe hana hivyo, lakini mzunguko wake unasomeka ukimuuliza vizuri. Chukua mfano: mauzo 60,000 kwa siku, chakula, mkaa na msaidizi 46,000, zinabaki 14,000. Kwa siku 26 ni 364,000. Nyumbani, pamoja na kodi na ada, 240,000. Ziada ni 124,000. Rejesho lisizidi nusu ya hiyo, kama 62,000, kwa sababu kuna wiki ya mvua na kuna mtoto wa kupeleka hospitali. Mkopo ule wa 600,000 kwa miezi 6 unabeba ziada karibu yote. Hata hivyo mashirika mengi yangempa, kwa kuwa tu alimaliza wa 300,000 na “ngazi” inayofuata ni 600,000. Kupanda ngazi bila kuchambua upya ndiko kunakozamisha wateja waliokuwa wazuri. Uliza pia madeni mengine: kikundi kingine, mkopo wa simu, ule wa halmashauri unaotokana na asilimia 10 ya mapato yake, na mkopo uliochukuliwa kwa jina lake ukatumiwa na ndugu. Kwa mkulima wa mpunga, marejesho ya kila mwezi hayana maana. Mkopo wake ulipwe baada ya mavuno, na riba ipangwe kwa kujua hilo.

Watu wa masoko, msiwasukume kuongeza wateja kabla jedwali lile la mikopo ya Januari halijanyooka. Mwaka 2010 katika jimbo la Andhra Pradesh, Uhindi, wakopeshaji walikuwa wamekimbilia wateja wale wale. Serikali ya jimbo iliingilia kati na urejeshaji ukaporomoka.

Gharama nayo ihesabiwe kwa ofisa. Ofisa mwenye wateja 280, wastani wa deni 250,000, anasimamia milioni 70. Kwa 3% ya deni lililobaki anaingiza 2,100,000 kwa mwezi, na humo watoke mshahara, nauli, sehemu ya kodi ya ofisi, gharama ya mtaji na fedha ya kutenga kwa mikopo itakayopotea. Bodi ikiona pengo, itapendekeza mikopo mikubwa zaidi. Waambie waziwazi maana yake: wateja maskini zaidi wataachwa, na mfadhili ana haki ya kujua. Fedha aliyoitoa kwa mafunzo nayo isiingizwe kwenye mtaji wa kukopesha.

Kuna kijiji ambako ushauri sahihi ni kutokukopesha kabisa. Tafiti sita zilizochapishwa pamoja mwaka 2015, kutoka Bosnia, Ethiopia, Uhindi, Mexico, Mongolia na Moroko, zilionyesha kwamba mikopo midogo huwapa watu uhuru zaidi wa kupanga biashara zao, lakini kwa wastani haikuinua sana kipato cha kaya. Usiandike katika andiko la kuomba ufadhili kwamba mikopo “itaondoa umaskini”. Mahali ambako biashara ni chache, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana chenye watu 15 hadi 25, sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti na mtunza sanduku, na mgawo baada ya miezi 9 hadi 12, huwafaa zaidi na hakiwaachii deni la nje.

Ripoti yako iwe ukurasa mmoja: badiliko moja kwa robo mwaka, jina la anayehusika, tarehe. Lijaribiwe tawi moja kwanza. Usibebe orodha ya wateja kwenye kompyuta yako ya nyumbani. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Na kila jedwali ulilotengeneza, mhasibu wa shirika alijaze mwenyewe miezi miwili mfululizo ukiwa pembeni, kabla hujaondoka.