Uliza Maabara: Je, damu ya baba inaweza kutuambia amebakiza muda gani?

*Shikamoo mama. Naandika kutoka Urambo. Baba yetu ana miaka 66, amelima tumbaku maisha yake yote, na msokoto ameuacha mwaka jana tu. Alipoanza kukohoa, kituo kimoja kilimwambia ni kifua kikuu, akameza dawa miezi minne bila nafuu. Tulimpeleka Bugando, Mwanza, wakamkata kinyama: saratani ya mapafu, ile isiyo ya seli ndogo, hatua ya nne, imeshafika kwenye ini. Kaka yangu anayesoma chuo alichukua majibu ya damu, neutrofili 75, limfosaiti 12, akagawanya kwa simu akapata 6.25. Anasema amesoma kwamba ikizidi 5 mgonjwa hamalizi mwaka, kwa hiyo tusiuze ng'ombe kwa ajili ya dripu za dawa ya saratani, baba arudi nyumbani akae na wajukuu. Wadogo zangu hawaongei naye tena. Albumini ni 31, himoglobini 9.8. Maabara moja ya binafsi inatuambia tulipie kipimo cha CEA, ndicho kitatoa jibu la uhakika. Mama, damu inaweza kusema hayo?*
*Binti wa mkulima, Urambo*

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kuuguza. Nianze na kaka yako, maana naona nyumba imeanza kugawanyika. Hesabu yake ni sahihi, na alichokisoma kina msingi. Asinuniwe. Alichokosa ni mtu wa kukaa naye akamweleza namba ile inatoka wapi.

Inatoka kwenye FBP, yaani picha kamili ya damu, kipimo cha kawaida cha kuhesabu chembe za damu. Chembe nyeupe ziko za aina tano, na hapa zinazohusika ni mbili. Neutrofili ndizo za kwanza kukimbilia penye hatari, iwe kidonda, jipu au nimonia. Limfosaiti ndizo zenye kumbukumbu, na baadhi yake huitambua seli iliyogeuka saratani na kuiua. Saratani ikichachamaa, mwili mzima huishi kama uko vitani: neutrofili hupanda, limfosaiti hupungua. Watafiti wa nchi nyingi wamewafuatilia wagonjwa wa saratani ya mapafu na wamekuta jambo lile lile mara nyingi, kwamba kundi lenye uwiano mkubwa, yaani neutrofili ukizigawanya kwa limfosaiti, huishi muda mfupi kuliko kundi lenye uwiano mdogo. Silipingi hilo. Ila hata mstari wenyewe hawajakubaliana wauchore wapi. Kuna wanaokata kwenye 3, kuna wa 4, kuna wa 5.

Sasa nikuonyeshe kazi niliyoifanya kwa mikono yangu miaka 31. Majibu ya baba yameandikwa asilimia tupu, kwa hiyo naamini yalihesabiwa kwenye slaidi. Unatandaza tone la damu kwenye kioo, unalitia rangi, unaliweka chini ya hadubini, mkono mmoja unasogeza slaidi na mwingine uko kwenye kihesabio: neutrofili, neutrofili, limfosaiti, neutrofili, mpaka kengele ilie kwenye 100. Ndiyo basi. Chembe 100 kati ya mabilioni. Nikisogea pembeni kidogo nikahesabu 100 nyingine, si ajabu nikakuta limfosaiti 15 badala ya 12. Gawanya 75 kwa 15, unapata 5. Damu ile ile, asubuhi ile ile, mzee yule yule. Chembe tatu zimemtoa alikokuwa na kumkalisha kwenye mstari wenyewe wa kaka yako. Mashine huhesabu maelfu, kwa hiyo haiyumbi kiasi hicho, lakini nayo huhesabu damu ya siku ile tu.

Na siku ile baba alikuwaje? Alikuwa na homa? Alikuwa amepewa predinisoloni au deksamethasoni ya kumsaidia kupumua? Dawa hizo peke yake hupandisha neutrofili na kushusha limfosaiti ndani ya saa chache. Virusi vya UKIMWI navyo hupunguza limfosaiti, na kifua kikuu huvuruga picha nzima. Namkumbuka fundi mmoja wa reli hapa Tabora, mgonjwa wa saratani ya mapafu kama baba yako, ambaye uwiano wake ulifika 11. Daktari hakuridhika, akakisikiliza kifua upya, akagundua nimonia imejificha nyuma ya uvimbe. Baada ya dawa nilimhesabu tena mwenyewe, ukawa 4. Saratani ilikuwa pale pale, ila mzee alikuwa amekaa kwenye benchi anakula embe.

Kuna jambo la pili, nalo namwomba kaka yako alisome taratibu. Tafiti hizi hutaja muda ambao nusu ya wagonjwa walikuwa wameshafariki na nusu bado wako hai. Wewe ni wa Urambo, treni ya Kigoma unaijua. Nikikuambia nusu ya abiria waliopanda Tabora hushuka kabla ya Nguruka, nimekuambia kitu cha kweli kuhusu behewa zima. Je, umejua yule mzee wa dirishani anashuka wapi? Huenda ni Usoke, stesheni ya karibu. Huenda ni Uvinza. Wachache wanafika Kigoma mwisho wa reli. Namba inaeleza behewa, tiketi ya mzee hujaiona.

Nitakuambia kinachonisumbua zaidi kwenye barua yako: ile albumini ya 31. Hiyo ni protini inayotengenezwa na ini, na kwa kawaida haitakiwi kuwa chini ya 35. Inashuka mwili ukiwa kwenye msukosuko wa ugonjwa, inashuka pia mtu asipokula, na haibadiliki upesi kama chembe nyeupe. Mwaka 2003 wataalamu wa Glasgow, Uskoti, walionyesha kwamba wagonjwa wa saratani ya mapafu isiyopasulika wanaweza kupangwa kwa vipimo viwili rahisi: CRP, protini inayopanda mwili ukiwa kwenye msukosuko wa ugonjwa, ikizidi 10, na albumini ikiwa chini ya 35; wenye vyote viwili ndio wenye hali ngumu zaidi. Naipenda njia hiyo kwa sababu inamfanya mtu aulize swali lenye faida: mzee anakula nini? Maumivu yanamzuia kumeza? Mdomo una vidonda? Mpikieni uji wa karanga, dagaa waliosagwa, mayai, kidogo kidogo mara nyingi kwa siku. Sisemi mayai yataondoa saratani. Nasema mgonjwa mwenye nguvu kidogo huhimili matibabu kuliko aliyekauka. Himoglobini ya 9.8 nayo mwulizeni daktari chanzo chake, kwa sababu mara nyingine ina dawa. Ila msinunue hizo chupa za kuongeza kinga eti zishushe ile 6.25. Unaweza kuishusha namba na ugonjwa ukabaki ulivyo.

CEA? Msilipe kwa sababu hiyo. Ni protini iliyogunduliwa mwaka 1965 na Phil Gold na Samuel Freedman huko Montreal, Kanada, kwenye saratani ya utumbo mpana. Hupanda kwa baadhi ya wagonjwa wa mapafu, lakini hupanda pia kwa mvutaji asiye na saratani na kwa mwenye ini bovu. Faida yake kubwa ni kufuatilia: kama ilikuwa juu kabla ya matibabu, daktari anaweza kutazama inakoelekea. Jibu la uhakika la siku za mtu haina, na aliyewaambia inalo amewakosea. Kuna pia vipimo vinavyosaka vinasaba vya saratani ndani ya damu, ila kazi yake hasa ni kumsaidia daktari kuchagua dawa.

Daktari bingwa akitaka kukisia hali ya mgonjwa huanza na vitu visivyohitaji sindano: hatua ya ugonjwa, uzito uliopungua, na jinsi mtu anavyoishi siku yake. Anaoga mwenyewe? Anatoka nje? Anashinda kitandani zaidi ya nusu ya mchana? Mgonjwa anayejiendesha hutibiwa tofauti na asiyeinuka, hata kama majibu yao ya maabara yanafanana. Hilo hukuliandika, na ndilo ningelitaka kwanza.

Kuhusu ng'ombe sitawaamulia. Rudini kwa daktari, kaka yako awepo na wadogo zako wawepo, mwulize dripu hizi zinalenga nini: kumwongezea muda, kumpunguzia kikohozi na maumivu, au vyote? Mtajuaje baada ya mizunguko michache kama zinafanya kazi? Na msipoendelea, nani atampa mofini ya maji ya kutuliza maumivu na ile hali ya kukosa pumzi? Msikubali kurudi nyumbani mikono mitupu.

Halafu mwanangu, nimeisoma barua yako mara tatu. Kuna neno la kaka, la wadogo, la maabara ya binafsi. La baba halimo. Mzee wa miaka 66 aliyekesha akichochea moto wa mabani ya kukaushia tumbaku anajua mwili wake umechoka kiasi gani, na ng'ombe ni wake. Kaa naye jioni, mwulize anataka ajue nini na anataka kuwa wapi. Ukimwuliza, niandikie tena.

*Mama, mgonjwa wetu anatolewa damu kila tukienda kliniki. Majirani wanasema ndiyo inayommaliza. Ni kweli?*
*Msomaji, Nzega*

Hapana. Chupa ya kifuniko cha zambarau inabeba mililita 2 hadi 4, haifiki kijiko cha chai. Mtu mzima ana damu ya lita kama 5. Kabla ya kila dripu ya saratani lazima waangalie chembe zimebaki ngapi, kwa sababu dawa hizo huzishusha, na kumpa dawa aliyeishiwa chembe nyeupe ni hatari kubwa. Waambie majirani nimesema mimi.

*Nina miaka 48, ni mvuvi wa dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Nimevuta sigara miaka 20 na sasa nakohoa wiki ya tano. Nipime damu gani kujua kama nina saratani ya mapafu?*
*Mvuvi, Kigoma*

Ndugu yangu, usitafute damu. Hakuna kipimo cha kawaida cha damu cha kuigundua saratani ya mapafu, na FBP nzuri isikutulize. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba picha za CT (picha za kina za kifua) za mionzi kidogo zilipunguza vifo vya saratani ya mapafu kwa asilimia 20, lakini waliochunguzwa ni wavutaji wakubwa wa miaka 55 hadi 74 wasiokuwa na dalili. Wewe una dalili. Kikohozi cha zaidi ya wiki mbili kwanza ni makohozi, kutafuta kifua kikuu. Yakionekana safi, omba picha ya kifua. Ukianzishiwa dawa za kifua kikuu na usipate nafuu, usikae miezi minne kama yule mzee wa Urambo, rudi ukaombe wakutazame upya. Sigara iache leo, usingoje majibu.

Kesho ukiamka, kabla ya chai, sukutua kwa maji matupu, simama nje penye hewa, vuta pumzi ndefu mara mbili tatu kisha kohoa kutoka chini kabisa ya kifua, utemee kwenye kikopo cha maabara. Mate hayatufai. Tunataka kile kizito kinachotoka ndani. Funga kikopo vizuri, kiweke mbali na jua, na kifike maabara asubuhi hiyo hiyo.